Mkiingia Nyumba ya Msiba

Wajukuu wangu wa kikundi cha maombi, jioni nawaona mkipita njia ya kwetu na Biblia kwapani, mkienda kukesha na waliofiwa. Nafurahi kuwaona. Lakini mimi nimekaa kwenye matanga mengi kuliko harusi, hapa Malindi, Ganze, Kaloleni na kwingineko, na kuna mambo mnayafanya kwa nia njema ambayo yanaumiza watu. Nitayasema wazi, maana heri myasikie kwangu kuliko kuyajua mtu akishaangamia.

La kwanza, acheni kumkataza mfiwa kulia.

Nilikuwapo kwenye msiba wa kijana aliyekufa kwa pikipiki barabara ya kwenda Mombasa. Mama yake aliketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu ameinyosha, leso imemteleza begani na hana habari nayo. Usiku wa pili wakaja waimbaji na spika kubwa. Kiongozi wao akamshika mkono, akamwinua, akamwambia shetani anafurahi akiona machozi ya mtu aliyeokoka. Asimame amsifu Mungu. Mama akasimama, akacheza. Watu wakapiga vigelegele wakasema, huyu mama ana imani. Mimi nilikuwa nikimtazama miguu, na miguu ile haikuwa ikifuata wimbo. Wageni walipoondoka na masufuria ya kuazima yakarudishwa kwa wenyewe, hakutoka nje tena. Alikaa wiki baada ya wiki bila kuwasha moto, binti yake ndiye aliyekuwa akimwogesha. Kanisani alikwisha kuhesabiwa kuwa ameshinda, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Naye aliona haya kusema hajiwezi, kwa sababu alishatoa ushuhuda.

Mnaisoma Biblia kila siku. Basi isomeni yote. Yesu alilia akielekea kaburi la Lazaro ilhali alijua kwamba punde tu atamfufua. Yakobo aliletewa kanzu ya Yusufu yenye damu, wanawe wote wakamzunguka kumliwaza, akakataa kuliwazwa, na Maandiko hayamkemei. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Hakuna mstari wa ushindi mwishoni, na waliokusanya Zaburi hawakuongeza wa kwao. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kutamka neno, na mpaka hapo walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua midomo kutafuta dhambi iliyomletea maafa ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, hamkasirikii Ayubu aliyelalamika sura baada ya sura.

Nimejiuliza mara nyingi desturi hii ya kumeza kilio tuliitoa wapi. Wazee wetu wa Kimijikenda walijua kulia. Hanga, yaani matanga yetu, lilikuwa na siku zake na nyimbo zake, na wafu walisimamishiwa koma, vigingi vya ukumbusho, na wakubwa wa chama cha Gohu vigango, nguzo za kuchonga, ili wakumbukwe. Misheni ilipokuja mengi ya hayo yakaitwa ushenzi. Mimi ni Mkristo wa kubatizwa utotoni na siwaambii mrudi kuchonga vigango. Nasema tu kwamba tulipoviacha tuliacha pia siku zilizotengwa za kulia, na kanisa halikutupa nyingine badala yake.

Tena mtazameni aliyetuletea Injili mwambao huu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, mjamzito. Julai ya mwaka uleule Rosine akafa kwa homa baada ya kujifungua, na siku chache baadaye kile kitoto cha kike nacho kikafa. Wamezikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Akawaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi lile ni ishara kuwa mapambano ya kuigeuza Afrika yameanza. Barua hiyo imesifiwa miaka yote, na mimi simlaumu aliyeiandika. Lakini kaburi alilolitaja lilikuwa la mkewe na mwanawe, na kanisa letu lilichukua lile neno la mapambano likaacha kuuliza yule mtu alilalaje usiku ule. Ndiyo maana mpaka leo mfiwa akilia tunamwona ameanguka vitani.

Sasa nije Shakahola, maana hakuna Mkristo wa Kilifi anayeweza kunena habari za msiba na imani akaruka hapo. Ninyi wengine mlikuwa bado shuleni. Paul Nthenge Mackenzie alikuwa dereva wa teksi papa hapa Malindi kabla ya kuanzisha kanisa la Good News International mwaka 2003. Alifundisha kwamba shule ni ya shetani na kwamba kwenda hospitali ni kumkana Mungu. Mwaka 2019 akafunga kanisa la mjini, na watu wakahamia msitu wa Shakahola, kwenye ardhi ya Chakama. Aprili 2023 polisi wakaingia wakakuta watu mifupa mitupu, na makaburi. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Madaktari wa serikali walioipasua walisema wengi walikufa kwa njaa, na wengine, wakiwamo watoto, walionyesha dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mackenzie alikana mashtaka, na hayo ni ya mahakama kuamua.

Langu ni hili: msiseme waliokwenda kule walikuwa wajinga. Walikuwamo watu waliosoma, watu wa mishahara, watu waliouza nyumba na mashamba wakalipa nauli kutoka pembe za mbali za Kenya. Waliyoambiwa kule hayakuwa mageni masikioni mwao. Kwamba anayemeza dawa hajaamini sawasawa, walishayasikia kwenye mimbari zetu. Kwamba machozi ni shaka. Kwamba mwili unaoteseka ni mwili mtakatifu, na mtu akikonda kwa kufunga ndivyo anavyomkaribia Mungu. Yule mhubiri aliikuta njia imeshafyekwa na wengine, akaenda nayo hadi mwisho wake. Nasi tukamlaani kwa sauti kubwa, tukaendelea kuhubiri nusu ya kwanza ya mahubiri yake. Na mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, eneo hilohilo la Chakama. Anayewaambia kwamba jambo hili lilikwisha hajui anachosema.

Kufunga ni ibada. Mimi mwenyewe nafunga. Lakini mwangalieni Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, amechoka, anawindwa, ameketi chini ya mretemu anamwomba Mungu amwondolee uhai. Nabii huyo, si mtu wa imani haba. Malaika alipokuja hakumkemea pepo wala hakumwuliza imani imekwenda wapi. Alimgusa, akampa mkate uliookwa kwenye makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi akamlisha mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Maneno yalikuja baadaye sana, huko Horebu, na yalikuja kwa sauti ya chini. Basi kama nyinyi ni watumishi wa Mungu huyohuyo, mfiwa asiyekula wiki nzima mpelekeeni uji, mkae mpaka aumalize. Msimtangazie mfungo. Vivyo hivyo mjamzito, mtoto, na yeyote anayetumia dawa za kila siku. Na kiongozi yeyote atakayewaambia mkae mbali na chakula, na daktari, na ndugu zenu wa damu, hata akiwa ana upako wa kutikisa paa, ondokeni kwake mchana kweupe mkamweleze chifu.

Liko jambo la Shakahola ambalo halikutangazwa sana na linaniuma mpaka leo. Waliookolewa wakapelekwa kituo cha uokoaji Mtwapa, na wengi wao waliendelea kukataa chakula. Juni 2023 watu 65 kati yao wakafikishwa mbele ya mahakama ya Shanzu wakishtakiwa kwa kujaribu kujiua. Fikirini: mtu amezika wanawe msituni, akili yake imefungwa kwa mafundisho na njaa, haamini kwamba bado anaruhusiwa kuishi, na kesi ni yake. Sheria iliruhusu. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, tulichoachiwa na Waingereza, kilimpa aliyejaribu kujiua hadi miaka 2 jela. Kwa miaka mingi familia zetu zilikuwa zikidanganya hospitalini kwamba mtoto alikunywa sumu kwa bahati mbaya, ili asitoke wodini akaingia seli. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, katika kesi iliyopelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili.

Mahakama imelegeza, sisi je? Yako makanisa mpaka leo hayaruhusu jeneza la aliyejiua kupita mlangoni. Mchungaji haji, kwaya haiji, mama anazika mwanawe na majirani watano. Mnamtaja Yuda. Mbona hammtaji yule askari wa gereza la Filipi, katika Matendo ya Mitume 16? Aliuchomoa upanga ajiue, na Paulo, aliyekuwa ndani, akapaza sauti kumzuia, akamwambia wote wapo, hakuna aliyetoroka. Hakumhukumu, alikimbilia kumzuia. Kabla hakujacha yule askari alikuwa amewaosha majeraha, amebatizwa, na amewaandalia meza. Mtu akiwaambia amechoka kuishi, kazi yenu ni hiyo ya Paulo. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hana. Msimwache peke yake usiku huo. Kamba na dawa ya kunyunyizia mikorosho ziondolewe nyumbani. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure, 1199, wanapokea na kuzungumza na mtu. Kesho yake apelekwe hospitali, na mmoja wenu aende naye.

Najua mtaniuliza habari za mapepo. Sikatai kwamba Bwana aliyatoa. Lakini niwakumbushe tulikotoka. Mimi nilipokuwa na watoto wadogo, mtoto akishikwa na degedege tulisema ni nyuni, ndege mbaya aliyempitia, tukakimbilia kwa mganga. Watoto walikufa mikononi mwetu. Kisha tukaelezwa kwamba homa kali, na mara nyingi malaria, ndiyo inayomtetemesha mtoto. Tukapewa vyandarua, tukajifunza kukimbilia zahanati. Tulipofanya hivyo, je, tuliacha kuomba? Tuliomba njiani, tukiwa tumembeba. Kifafa hivyohivyo. Nimewaona wasichana wenye makovu ya moto kwa sababu walianguka jikoni, na watu waliogopa kuwashika wakidhani pepo litaruka. Pale Kilifi kituo cha utafiti cha KEMRI, kilichoanza mwaka 1989, kimeshughulika na kifafa miaka mingi, na wako watu wa Ganze na Kaloleni wanaomeza kidonge kila siku, wanalima na kulea watoto, na hawaanguki tena.

Ugonjwa wa akili uwekeni mahali hapohapo. Binti anayesikia sauti zinazomtukana, kijana asiyelala siku nne na anayegawa mali ya babake barabarani, mama aliyejifungua na hataki hata kumtazama mtoto, mzee aliyefiwa na mkewe akaacha kuoga: hao ni wagonjwa. Waombeeni, wapelekeni. Hospitali ya Port Reitz kule Mombasa inawapokea wa mwambao wote, na hospitali ya kaunti hapa Kilifi itawaonyesha pa kuanzia. Wanaoitwa wendawazimu mtaani wengi wangekuwa nyumbani kwao kama mtu angewapeleka mapema.

Na hapa nawaamrisha, siwashauri. Msimwambie mgonjwa yeyote kwamba ameshapona, atupe dawa. Mmemwekea mikono na amejisikia vizuri. Msifuni Mungu, na dawa aendelee nazo mpaka daktari aseme. Wa kifafa akiacha ghafla anaweza kuanguka mfululizo asiamke. Wa akili akiacha, ugonjwa hurudi, na mara nyingi hurudi na nguvu zaidi, halafu nyinyi mtasema pepo amerudi na wenzake saba. Paulo mwenyewe alimwagiza Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Luka rafiki yake alikuwa tabibu. Wala msimfunge mtu minyororo. Nimesikia kuna nyumba za maombi ambako mgonjwa anafungwa mguu kwenye nguzo mpaka apone. Mkiona hivyo, hata kama mwenye nyumba ni mtumishi mnayemheshimu, semeni.

Mtaniambia, bibi, watu hawana nauli. Kweli. Kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, na mgonjwa haendi peke yake. Ni nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, kila mwezi. Kule Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua kwa kukosa nauli ya kumfikia hospitalini. Mwaka 2006 akaanza na bibi 14 mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kuketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kusikiliza, na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Bibi wa kawaida, wasio na shahada. Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha walioketi nao walipata nafuu kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Kanisa letu lina mabenchi mangapi yanayokaa bure Jumatatu mpaka Jumamosi? Bibi tupo. Mfuko wa spika mpya mmeuchangia kwa miezi mitatu na ukajaa. Changeni mwingine wa nauli ya wagonjwa, na akina mama tutaanza na mnada wa kuku.

Namna ya kukaa na mfiwa mtaijua kwa kukaa. Ingieni kwa upole, toeni pole, ketini chini alipo yeye, msimsimamie kichwani. Akilia, acheni alie. Akinyamaza, nyamazeni. Akimlaumu Mungu msimtetee Mungu. Ayubu alimlaumu na hakutupwa. Maneno ya kwamba Mungu amempenda marehemu zaidi, au kwamba hakuna jambo lisilo na sababu, yaacheni. Mama aliyezika mtoto hayahitaji. Ombeni kwa ufupi. Tekeni maji, osheni vyombo, pelekeni watoto shule. Kisha rudini baada ya arobaini, wakati simu zimekoma kulia, na rudini tena mwaka ukitimia. Mkiona miezi imepita na mtu bado hali, halali, hajali mwili wake, au anasema afadhali naye afe, hapo msiite majonzi tu, tafuteni tabibu.

Na wapo wafiwa ambao hata matanga hawajakaa. Miili ya Shakahola ililala kwenye makontena ya barafu pale hospitali ya Malindi, kila mmoja na namba yake, huku ndugu wakitolewa mate kwa ajili ya vipimo vya vinasaba. Ilipofika Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, ndipo familia ya kwanza ilipokabidhiwa watu wake, na wakati huo waliotambuliwa walikuwa 34 tu. Wengine wanasubiri mpaka leo. Hawajui wazike au watumaini. Hawakupikiwa chakula cha msiba kwa sababu hakuna mwili, na wako majirani waliosema walijitakia. Hao ndio walioachwa na kanisa kuliko wote, kwa kuwa tunaona aibu kwamba jambo hili lilifanyika kwa jina la Yesu.

Nyumba moja ya hivyo mnaipita kila Ijumaa. Mama wa pale anamsubiri binti yake na wajukuu wawili. Ijumaa hii msibebe gitaa wala spika. Bebeni unga na samaki, mpike hukohuko, mle naye. Mwulizeni wale watoto walikuwa wakiitwa nani, na mdogo alikuwa ameanza kutembea au la. Hakuna aliyewahi kumwuliza, naye anatamani kusema. Nipitieni saa kumi, twende pamoja kabla giza halijaingia, macho yangu siku hizi hayaoni njia usiku.